Debe la Kileleni kwa Kemuma

Mtu akikwambia Kemuma alikaa kwenye nyumba ya nyasi kwa sababu ya umaskini, usimsikilize. Mabati aliletewa mpaka uani. Mkwewe, mume wa bintiye Nyamusi aliyeolewa karibu na Nyamira mjini, aliyaleta yakiwa yamefungwa kwa waya, yanang'aa hata kuku wakayakimbia. Kemuma alishukuru, akachinja mmoja wa kuku hao, mkwe akala akashiba, kisha akaambiwa ayarudishe yalikotoka. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nyumba karibu zote za mgongo ule wa kilima juu ya Birongo zilikuwa zimekwisha kuvua nyasi na kuvaa bati. Majirani walisema Kemuma ana kichwa kigumu. Hawakukosea sana.

Sababu yake ilikuwa imesimama juu kabisa ya paa. Nyumba ya nyasi ya Mkisii ilikuwa na mti mfupi uliochongoka kileleni, na mti huo ulikuwa wa mwenye nyumba. Akiwa hai, mti unasimama. Akifa, ndugu zake hupanda wakauvunja, na kila apitaye njiani akiinua macho anajua bila kuuliza kwamba boma lile limefiwa. Mchungaji alikuwa amehubiri juu ya jambo hilo Sabato nyingi, akaliita giza la zamani, na waumini wakaitikia amina kwa sauti kubwa. Lakini wakitoka kanisani macho yao yalikuwa yakipanda mapaani vile vile. Nyumba ya bati haina pa kusimamishia mti huo, na Kemuma hakuwa tayari kuishi chini ya paa lisilosema lolote juu ya mume wake.

Mume mwenyewe, Ongeri, alikuwa ameondoka mwaka 1962 kwenda Uganda kutafuta kazi katika mashamba ya miwa. Siku chache kabla ya safari aliona paa linavuja pale mti unapoingia kwenye nyasi. Akachukua debe tupu la mafuta ya kupikia, akalikata, akalikunja likawa kama kofia, akalipigilia misumari juu ya mti. Alipanda na kushuka mchana kutwa, maana alikuwa mtu wa kupenda vitu vikae sawa. Jua lilipolipiga, debe liliwaka likaonekana hadi ng'ambo ya bonde, pale inapopita barabara itokayo Keroka.

"Nikirudi nitaliona debe kabla sijakuona wewe," alimwambia Kemuma. "Nikilikuta, nitajua kwangu bado ni kwangu."

Alirudi mara moja, akaleta blanketi na sufuria, akaenda tena. Baada ya hapo zilikuja salamu tu, kwa midomo ya wapita njia, kisha Uganda ikachafuka na hata wapita njia wakakoma. Watu walisema mume aliyenyamaza hivyo amekufa au ameoa. Kemuma alikuwa na wazo lake la tatu. Alimjua Ongeri: mwanamume mwema, lakini mwenye haya za ajabu. Aliwahi kujificha kwa mjomba wake wiki nzima kwa sababu alivunja chungu cha mama mkwe. Mtu wa namna hiyo, mambo yakimharibikia, hatumi salamu. Atakuja siku moja kimya kimya, asimame ng'ambo, atazame. Akiona debe, atavuka. Akilikosa, atajua amekwisha kuliliwa, atageuka arudi alikotoka, na hakuna atakayejua kwamba alifika.

Hilo ndilo lililomtia Kemuma hofu maisha yake yote ya ukubwani. Njaa hakuiogopa, alikuwa na ndizi na kishamba cha pareto. Aliogopa siku ambayo Ongeri atasimama ng'ambo na kuona paa tupu. Kila alasiri, kazi zikipungua, aliketi kwenye kigoda mbele ya mlango akimenya ndizi na kutazama barabara ile.

Shemeji yake, Obwocha, mdogo wake Ongeri, ndiye aliyekuwa akimwezekea nyasi mpya zinapooza. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu, akiuzunguka ule mti bila kuutikisa. Lakini alikuwa amechoka. Mara kwa mara alimwambia Kemuma kwamba ni heri walie, yaishe, ukoo uitunze nyumba ile kama unavyotunza nyumba za wajane. Kemuma alimjibu kwa kumwongezea uji. Obwocha hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa na huzuni isiyo na kaburi, na huzuni ya namna hiyo humkera mtu kama kokoto ndani ya kiatu.

Basi mwaka 1973, aliyekataa mabati akaletewa Landrova. Ilipanda kilima ikiunguruma, ikasimama uani kwake, akashuka kijana mmoja mrefu mwenye miwani, akamwamkia kwa Kikisii safi cha upande wa Nyamira. Aliitwa Nyasani. Alikuwa fundi wa mitambo ya redio, na alikuja na mhandisi Mzungu, Bwana Peters, ambaye alikuwa amebaki ng'ambo akichungulia bonde kwa darubini.

"Mama, tunaomba kiwanja chako," alisema Nyasani.

"Cha kujenga nini?"

"Hatujengi. Tunajaribu antena."

Kemuma alitazamia kuona mlingoti wa kufika mawinguni. Kilichotolewa ndani ya sanduku, kikiwa kimefungwa kwa flana, kilimvunja moyo kabisa: kitu cha shaba mfano wa faneli ya kumiminia mafuta ya taa, ungeweza kukipakata kama mtoto mchanga. Nyasani alikifunga juu ya kigari cha miguu mitatu kilichoweza kuzunguka, akakiunganisha kwa waya na sanduku lenye kalamu iliyojichorea yenyewe kwenye karatasi.

Alikuwa na subira ya kueleza, kijana yule, na Kemuma alikuwa na subira ya kuuliza. Alimwambia kuna chombo kinatengenezwa Ulaya, kitarushwa juu kabisa kizunguke dunia, kiangalie hewa kutoka huko na kusema mvuke uko wapi na mvua inakusanyika wapi. Hewa yenye mvuke hutoa mawimbi yake yenyewe, kama ya redio lakini mafupi mno, marefu kama upana wa kidole tu, na dhaifu sana. Faneli ile ndiyo sikio la kuyasikia.

"Tunataka kujua kama sikio hili linasikia mbele peke yake, au linasikia na ubavuni," alisema. "Likisikia ubavuni, likifika juu litachanganya ziwa na wingu. Kwa hiyo Bwana Peters anatuma mawimbi kutoka ng'ambo, mimi huku naizungusha hii pole pole. Ikimwelekea, isikie sana. Ikimpa kisogo, inyamaze."

"Na mbona kwangu?"

Nyasani alicheka. "Mabati, mama. Yanarudisha mawimbi kama jabali linavyorudisha sauti. Tumezunguka Kisii yote tukitafuta mgongo wa kilima unaotazama mwingine na usio na mabati juu yake. Umebaki wewe."

Kemuma alifurahi isivyo kawaida. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsifia paa lake, na jioni hiyo alihakikisha majirani wote wa bati wamesikia.

Kazi ilianza. Asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijaja, Nyasani aliizungusha antena kidogo kidogo, akisema na Bwana Peters kwa redio ya mkononi, na kalamu ikachora. Kemuma alijifunza kuusoma mchoro ule: kilima kirefu katikati, faneli ilipoelekea ng'ambo, kisha mteremko, kisha tambarare pande zote mbili. Mvua ikianza, yeye ndiye aliyekimbia na karatasi ya nailoni kuifunika antena kabla Nyasani hajainua kichwa. Siku ya Sabato aliwakataza kabisa kugusa kitu, na Bwana Peters akatii.

Lakini tambarare ya kushoto ilikuwa na kasoro. Faneli ilipoelekea nyumbani kwa Kemuma, mahali palipopasa kuwa na kimya, kalamu iliinuka ikachora kichuguu, kidogo lakini cha kila siku. Kuna kitu kilichokuwa kikipokea mawimbi ya Bwana Peters na kuirushia antena.

Wakaanza kuwinda chuma. Kemuma alitoa sufuria, birika, majembe, panga, hata sanduku la bati alilokuja nalo kuolewa, akayabeba yote kwenda kwa jirani. Jirani alidhani Kemuma amefukuzwa nyumbani, akaanza kumfariji. Nyasani aliisogeza Landrova mpaka nyuma ya migomba. Wakajaribu tena, kichuguu kikabaki pale pale. Ndipo Nyasani akavua miwani, akaifuta, akainua macho juu ya paa. Naye alikuwa Mkisii, na alijua anachokitazama.

"Mama Nyamusi," alisema polepole, "lile debe ni la nini?"

"La mvua," alijibu Kemuma haraka. Kisha akatazama chini. "Ni la baba Nyamusi."

Akamweleza yote. Nyasani hakumsihi. Alimwambia tu kwamba kama debe haliwezi kutoka, watafunga vitu vyao, na kwamba hana hakika wataenda wapi. Pengine ni huko kutosihiwa kulikomlainisha Kemuma. Alilala na jambo hilo, na asubuhi alikuwa ameligawa vipande viwili: debe ni alama yake Ongeri, lakini mti ndio unaosema yu hai. Debe linaweza kushuka kwa siku chache mti ukabaki. Kazi ikiisha, debe lirudi.

Aliyestahili kupanda ni Obwocha, ndugu wa mwenye nyumba. Lakini Obwocha alikuwa ameondoka alfajiri kwenda mnadani Keroka na ng'ombe, mawingu yalikuwa yakijikusanya, na Kemuma alikuwa na mikungu ya ndizi ya kupeleka sokoni Birongo.

"Panda wewe," alimwambia Nyasani. "Lakini mti usiuguse." Akajitwisha mzigo akashuka zake. Hapo ndipo walipokosea wote wawili.

Debe lile lilikuwa limezuia mvua isiingie nyumbani, lakini lilikuwa limefunga unyevu ndani yake miaka yote hiyo, na chini yake mti ulikuwa umeoza ukawa laini kama muhogo wa kuchemsha. Nyasani alipouvuta msumari wa kwanza, mti ukakatika. Alisimama juu ya paa, debe na nusu ya mti mkononi, asijue afanye nini. Katika shamba la pareto upande wa pili wa bonde, mwanamke mmoja alinyoosha mgongo wake. Akaona mwanamume juu ya nyumba ya Ongeri ameshika kilele kilichovunjwa. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Akatupa kikapu, akapiga yowe.

Bwana Peters, kwa mitambo yake yote, hakuwahi kuona kitu kikivuka mabonde kwa kasi ile. Yowe lilipokewa kilima cha pili, likapokewa cha tatu, na jina la Ongeri ndani yake. Nyasani alikuwa bado anatafuta ngazi kwa mguu lilipofika Birongo.

Kemuma alikuwa anapanga ndizi kando ya rafiki yake wa sokoni, Gesare. Gesare ndiye aliyelisikia jina kwanza. Aliinuka akamshika Kemuma mabega kwa mikono yote miwili, na Kemuma akaelewa kutokana na uzito wa mikono ile. Alidhani habari imekuja kutoka Uganda. Aliacha ndizi zake pale chini, akapanda kilima akikimbia, mwanamke wa makamo mwenye magoti mabovu, na alipofika kwenye kona ambapo nyumba huonekana, akainua macho. Paa lilikuwa tupu.

Sauti iliyomtoka hapo, Gesare alisema baadaye, haikuwa ya kilio cha desturi. Ilikuwa ya mtu aliyebeba kitu kizito mbali sana, kikamponyoka hatua chache kabla ya mlango.

Uani palikuwa pamejaa. Wanawake walikuwa wanajitupa chini, wanaume wamekuja na ng'ombe wao kama inavyopasa akifa mtu mzima, na wale waliowahi kugombana na Ongeri juu ya mipaka walikuwa wamekwisha kumsamehe hadharani. Obwocha alikutwa na habari njiani. Aliingia akiwa anakimbiza ng'ombe alioshindwa kuwauza, analia wazi kama mtoto. Katikati ya yote hayo Nyasani alikuwa amesimama kando ya kigari chake, miwani imemshuka puani, akijaribu kusema.

"Hajafa!" alipaza sauti mwishowe. "Yaani, sijui kama amekufa au hajafa. Ni mimi nimevunja mti. Umevunjika wenyewe, nilikuwa natoa debe kwa ajili ya antena!"

Jaribu wewe kulieleza jambo hilo mbele ya matanga. Ilichukua muda mrefu kueleweka. Kilio kilipungua kwa vipande, huku na huku, mpaka akabaki Obwocha peke yake. Watu walitazamana, wengine wakaona aibu, wengine wakataka kucheka wakajizuia. Kemuma aliinuka kutoka mavumbini, akajikung'uta.

"Rudisha mti," alimwambia Nyasani.

Lakini wazee wakakataa, na walikuwa na haki. Mti wa kilele haurudishwi na mgeni. Mwanamume asiye wa ukoo akiusimamisha juu ya nyumba ya mke wa mtu, amejitangaza kuwa mume wa pale. Mwanamke naye hapandi paa. Ongeri hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa hiyo aliyeweza ni mmoja tu, na macho yote yakamgeukia Obwocha.

"Yaya," alisema Obwocha, na ile hapana yake ilitoka taratibu. "Shemeji, tangu salamu zikome nimezuia kilio hiki. Leo kimetoka. Usiniambie nikirudishe ndani."

"Kilio ni chako," alisema Kemuma. "Mti ni wa kaka yako."

"Kaka yangu angekuwa hai angekuja."

"Akija je, akute hivi?"

Obwocha aliwaswaga ng'ombe wake akaenda, bila kumtazama.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Kemuma hakumfukuza Nyasani. Alikuwa mtu wa haki, na ruhusa alikuwa ametoa mwenyewe. Ila hakukimbia tena na nailoni mvua ilipokuja. Aliketi kwenye kigoda chake akitazama ng'ambo, na kila mwanamume mwembamba aliyepita barabarani alimshtua moyo. Nyasani aliendelea na majaribio kwa sababu ilimpasa, na sasa, debe lilipoondoka, kalamu ilichora tambarare safi kushoto na kulia. Alimletea karatasi, labda akitumaini itamfariji.

"Nyumba yangu iko wapi hapa?" aliuliza Kemuma.

Nyasani akamwonyesha kwa kidole.

"Mbona hapana kitu?"

"Ndivyo tunavyotaka, mama. Isionekane."

Kemuma alimrudishia karatasi. "Basi sisi wawili tunataka mambo tofauti," alisema, na machozi yakamtoka, naye hakuyaficha.

Nyasani hakula vizuri siku hiyo. Kesho yake alikwenda kwa Obwocha, akamwambia Bwana Peters anahitaji mtu mwenye nguvu wa kubebea betri kule ng'ambo. Obwocha alikwenda, maana kazi ni kazi. Kule juu, ukingoni mwa barabara ya Keroka, kando ya kifaa cha kutuma mawimbi, ilisimama ile darubini waliyoitumia kuhakikisha antena mbili zinatazamana sawasawa. Ilipofika alasiri Nyasani alimwomba achungulie.

Obwocha alisimulia baadaye, tena mara nyingi, alichokiona. Kwanza aliona nyasi za paa, alizoziezeka kwa mikono yake, karibu kana kwamba angeweza kuzigusa, na pale kileleni shimo jeusi lililozibwa kwa gunia. Paa la marehemu. Kisha akaishusha darubini kidogo, akamwona Kemuma kwenye kigoda. Alikuwa ameacha kumenya ndizi. Alikuwa anamtazama yeye, usoni kabisa, mtu aliyesimama barabarani ng'ambo, bila kujua ni nani, na uso wake ulikuwa umejaa swali moja. Obwocha aliganda pale. Alikuwa amesimama mahali pa kaka yake, na alikuwa anaona ambacho kaka yake angekiona.

"Kumbe kila siku anatazama hivi?" alimwuliza Nyasani.

"Kila siku niliyokaa pale."

Obwocha hakubeba betri hata moja. Alishuka bondeni, akapotea kichakani kando ya mto, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama akatokea uani kwa Kemuma na mti mgumu uliochongwa, mweupe, unanuka utomvu. Alipanda moja kwa moja. Kemuma alishika ngazi kwa chini, akiilemea kwa uzito wake wote, ingawa haikuwa inatikisika.

"Na debe," alisema Obwocha alipomaliza.

"Kazi yao ikiisha," alijibu Kemuma. "Niliahidi."

Na kazi ilipoisha, Nyasani alilinyoosha debe lile kwa nyundo juu ya jiwe, akaupaka mti mafuta machafu ya gari usioze tena, akampa Obwocha misumari mmoja mmoja. Siku ya kuondoka Kemuma aliwafungia ndizi mbivu, na Bwana Peters akapewa mkungu mzima ambao hakujua aushike vipi.

Nyasani alipita tena miaka kadhaa baadaye, ameoa, miwani imekuwa minene. Alimwambia Kemuma kwamba ile faneli yenyewe haikwenda popote, ilikuwa ya majaribio tu, lakini dada yake, iliyotengenezwa kwa kufuata ile michoro, ilikuwa juu sasa hivi, inazunguka.

"Inaona mpaka Uganda?" aliuliza Kemuma.

"Inaona mvuke wa Uganda, mama. Watu haiwaoni."

"Mvuke naona mwenyewe asubuhi," alisema Kemuma, akamwongezea chai.

Debe liliacha kung'aa. Lilishika kutu, likawa rangi ya udongo, na Kemuma alikuwa na wasiwasi kwamba halionekani tena kutoka mbali. Alimwomba Obwocha alisugue kwa majivu, akalisugua, likarudi vile vile. Ukafika mwaka 1979, vita vya Uganda vikaisha, na watu wakaanza kutokea kule wakiwa wamebeba vifurushi.

Alasiri moja Kemuma alimwona Gesare ng'ambo, anarudi kutoka Keroka na kikapu chake. Alimjua kwa mwendo. Ubavuni mwake kulikuwa na mzee aliyeshika ncha ya fimbo, na ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa Gesare. Wakasimama. Walisemezana. Mara yule mzee akaketi chini palepale barabarani, ghafla.

Maneno waliyosemezana Gesare aliyarudia mpaka uzeeni. Alimkuta yule kipofu mahali basi liliposhusha watu, anaomba kupelekwa upande wa Birongo. Macho yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, na Gesare hakumjua. Walipofika pale alimwomba wasimame.

"Mama, ng'ambo kuna nyumba ya nyasi?"

"Ipo moja tu iliyobaki."

"Juu yake kuna nini?"

"Kuna mti."

"Mti peke yake?"

Gesare akakaza macho. "Na debe. Debe kuukuu, lina kutu."

Hapo ndipo alipoketi. Baadaye alikiri kwamba Gesare angesema mti peke yake, angejua ni wa mume mwingine, na angemwomba amrudishe kwenye basi. Mtu anayerudi kipofu na mikono mitupu, alisema, hana haki ya kuwasumbua watu waliokwisha kumlilia.

Lakini hayo Kemuma hakuyajua bado. Alichokijua ni sauti ya Gesare iliyovuka bonde ikimwita kwa jina, na namna alivyoita. Kwa miaka yote alikuwa ameandaa maneno makali ya kumpokea nayo Ongeri, mengi, yenye mpangilio. Aliteremka mpaka mtoni akiyatafuta, asiyaone hata moja, na alipomkuta ukingoni, anapapasa jiwe la kukanyaga kwa fimbo, alimshika mkono tu, akamvusha.

Obwocha alipofika mbio akawakuta wameketi mlangoni. Ongeri alikuwa ameinua uso kuelekea paa asiloliona, na Kemuma alikuwa anamweleza kwamba mti ni mpya, aliuchonga Obwocha, lakini debe ni lile lile.